Tununue kilomita, tusinunue meno

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimekamatwa na sapu. Sijakamatwa (bado, teh teh). Nilikuwa nyumbani Bariadi, na kilichonipeleka huko ndo kimenifanya leo niandike juu ya kitu ambacho hakuna aliyetegemea kukikuta hapa: matairi ya pikapu.

Usikimbie kwanza. Najua wengi wetu hapa chuo hatuna hata baiskeli. Lakini nyuma ya kila mmoja wetu kuna kitu kinachomsomesha. Kwa mwingine ni ng'ombe, kwa mwingine ni shamba la pamba, duka, au mtumbwi kule ziwani. Kikianguka hicho, na wewe uko chini. Kwangu mimi ni pikapu ya mzee, Hilux ya milango miwili ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Bumu langu linalipa sehemu tu. Inayobaki inalipwa na ile pikapu, gunia kwa gunia.

Kazi yake ni hii. Mara mbili kwa wiki inabeba dengu, choroko au mchele kutoka Bariadi kuja Mwanza, na kurudi inabeba sabuni, mafuta ya kula na madaftari ya duka la mama. Anayeijua njia ile anajua: unatoka Bariadi mpaka Lamadi, lami kilomita 71.8, unakata kushoto kuingia barabara kuu ya Musoma - Mwanza, halafu Magu, Nyanguge, Kisesa, Igoma, umefika mjini. Kama kilomita 190 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kila safari mzee ananiletea michembe, na mnaokaa chumba kimoja na mimi mnajua inavyoisha...

Sasa siku hiyo tulikuwa kwenye vimbwete tunahangaika na kazi ya kikundi ya uhasibu wa gharama. Simu ikaita, ni mama. Mama yangu hapigi simu mchana, anasubiri usiku. Akaniambia, "Mwanangu, tuko salama. Baba yako yuko salama. Tairi limepasuka." Akanyamaza. Nikajua kuna mengi hajayasema.

Nilikuja kuyajua baadaye. Walikuwa hawajafika Magu, gari lina magunia ya dengu, mwendo kama tisini. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari likahamia upande wa pili wa barabara, mzee akashika usukani bila kukanyaga breki kwa nguvu, likarudi, likaingia kwenye majani na kusimama. Dakika moja kabla ya hapo walikuwa wamepishana na basi. Dakika moja tu wadau. Magunia mawili yalipasuka, dengu zikamwagika lami nzima, na wamama waliokuwa wanatoka shamba wakasaidia kuziokota kwenye kanga zao. Hakuna aliyeumia. Mama alichubuka kiwiko, basi.

Nilipofika nyumbani wikiendi ile nikaenda moja kwa moja kuliangalia lile tairi. Kilichonishangaza ni kwamba lilikuwa zuri! Meno yake yamesimama, makubwa, meusi. Mzee alilinunua la mtumba miezi minne nyuma, pamoja na mwenzake, kwa sababu hiyo hiyo: yana meno. Muuzaji aliwapaka dawa ya kung'arisha, yakawaka kama viatu vya bwana harusi. Simtaji wala simlaumu sana, naye anatafuta riziki. Ila pembeni ya tairi lile kuna namba nne ambazo hakuna mtu aliyezisoma: 1409.

Wadau, hizo namba nne ndo cheti cha kuzaliwa cha tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi lile ni la umri mmoja na mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa hivi yuko sekondari na ndevu zinaanza kumtoka. Mpira hata usipotembea unazeeka. Unakauka, unakuwa mgumu, nyuzi za ndani zinaanza kuachana na mpira, na kwa nje huoni kitu. Watengenezaji wakubwa wengi wanasema likifikisha miaka mitano tangu lianze kutumika likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha kumi tangu litengenezwe litoke barabarani hata kama meno yapo. Sisi tulilinunua likiwa limeshapita hapo kwa miaka na miaka, tukalipandisha magunia, tukalipeleka lami ya jua kali.

Na kuna namba nyingine tuliyoiruka. Pikapu ile inavaa saizi 225/70R15C. Ile C ya mwisho ni ya magari ya mizigo. Tairi la namna hiyo huwa limeandikwa 112/110 na herufi mbele yake. Namba 112 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 1,120. Lile la mtumba lilikuwa 225/70R15 tupu, bila C, limeandikwa 100. Namba 100 ni kilo 800. Rimu ni ile ile, linaingia vizuri, fundi anakaza nati, unaondoka. Lakini piga hesabu: matairi mawili ya nyuma yanabeba kilo 1,600 tu. Tuseme nyuma ya gari likiwa tupu kuna kilo 650. Weka magunia kumi ya kilo mia mia, tayari ni 1,650. Umepita. Na nani kati yetu amewahi kuona pikapu ya Bariadi ikiondoka na magunia kumi tu? Hehehe.

Kwa hiyo hoja yangu ya leo ni hii. Sisi watu wa Simiyu (na nadhani wengi wenu mnaotoka mikoa mingine) tunanunua tairi kwa macho na kwa bei ya siku ile. Tungetakiwa tununue kwa barabara tunayopita zaidi, na kwa kilomita. Naomba niitetee.

Tuanze na barabara. Ukienda kwenye maduka, matairi ya pikapu yako ya namna tatu na yameandikwa pembeni au kwenye karatasi yake. H/T ni la barabara kuu, meno madogo yaliyoshikana na mistari inayozunguka. A/T ni la kati, lami na vumbi. M/T ni la matope, yale meno ya kutisha kama ya mamba. Vijana wote wa mjini kwetu wanataka M/T au linalofanana nalo, na mzee wangu na uzee wake naye yumo. "Pikapu bila meno," aliniambia, "hiyo ni teksi."

Nikamuuliza, baba, kwa wiki tunakanyaga lami kilomita ngapi? Tukahesabu pamoja. Safari mbili kwenda na kurudi Mwanza ni kama 760. Vijijini kufuata mzigo, tuseme 60. Jumla 820. Yaani katika kila kilomita mia, tisini na tatu ni lami! Sasa yale meno makubwa kwenye lami yanafanya nini? Nafasi kati ya jino na jino ni kubwa, kwa hiyo mpira unaogusa barabara ni mchache na ndo unabeba mzigo wote. Kila jino linajikunja likigusa lami na kujinyoosha likiachia, maelfu kwa maelfu ya mara. Linapata moto, linaisha upande upande, linalia kama nyuki, na mafuta yanaenda zaidi. Mvua ikinyesha, kwenye lami iliyolowa kushika kwake ni kudogo kuliko lile la barabara. Tunalipia matope ya kilomita saba kwa kuumiza kilomita tisini na tatu.

Najua mtu wa Meatu atanirukia hapo. Na yuko sahihi. Kama wewe kutwa uko njia za vumbi na mawe, Mwanhuzi na vijiji vyake, chukua A/T na usinisikilize. Na ardhi yetu ya mbuga naijua, ile nyeusi, ikinyeshewa inageuka gundi. Lakini tuseme ukweli: mbuga ikiloa sawasawa, hata hayo ya mamba yanajaa tope na kuwa mviringo kama chungu, gari linalala huko huko. Wazee wetu walishatatua hilo zamani. Masika gari linabaki lami, mzigo unaletwa na mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe hahitaji M/T.

Nije kwenye kilomita, na hapa ndo uhasibu wa gharama umenisaidia kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nitatumia bei na umri wa mfano, wewe weka za dukani kwako na za gari lako. Tuseme la mtumba ni 90,000, manne 360,000, na yanatembea kilomita 15,000. Gawanya: shilingi 24 kwa kilomita. Tuseme M/T jipya ni 350,000, manne 1,400,000, kwenye lami yetu yaende 40,000. Shilingi 35 kwa kilomita. Tuseme H/T jipya lenye C ni 300,000, manne 1,200,000, yaende 60,000. Shilingi 20 kwa kilomita. Lililoonekana bei chee si la bei chee kumbe, na linaloonekana la kibabe ndo ghali kuliko yote. Kwa kilomita 42,640 za mwaka (820 mara wiki 52), tofauti ya mtumba na jipya la barabara ni shilingi 170,560. Na hapo sijaweka dengu zilizomwagika lami. Wala sijamweka mama, maana yeye hana bei.

Mzee alisikiliza yote haya chini ya mwembe, kimya. Akaniuliza, "Wewe unasoma uhasibu, matairi umejulia wapi?" Nikamwambia nimesoma pembeni mwa tairi, baba, yameandikwa. Akacheka. Halafu akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, hesabu yako ni nzuri. Lakini mimi sikununua la mtumba kwa kuwa sijui hesabu. Nilikuwa na laki mbili mfukoni. Milioni moja na laki mbili ningeitoa wapi, na wewe ulikuwa unataka ada?"

Wadau, hapo nilinyamaza. Maana ni kweli. Ada yangu ya muhula uliopita ilitoka kwenye matairi yale, nikasoma kwa amani, nikala michembe, na kumbe wazazi wangu walikuwa wanatembelea tairi la 2009. Asiye na pesa ya mara moja ndo analipa kubwa mwishoni, na hakuna hesabu ya darasani inayolibadilisha hilo kwa siku moja.

Tukakaa tukalitafuta jibu wote watatu. Na jibu tulilopata, kwangu mimi, ndo kubwa kuliko H/T na C na mengine yote: tairi halifi ghafla. Tunalila kila safari, ila tunalilipia siku limekufa. Kama kilomita moja inakula shilingi 20, safari ya Mwanza kwenda na kurudi, kilomita 380, imekula shilingi 7,600. Ziwekwe pembeni siku hiyo hiyo, kwenye simu, kwa namba ya mama (mzee mwenyewe alikubali kwamba kwake zisingekaa, teh). Safari 104 kwa mwaka ni shilingi 790,400. Hakuna tena kutoa milioni kwa mkupuo wala kusubiri kipasuke.

Mzee bado alikuwa anayatamani meno. Mama, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa: "Baba watoto, mimi ndo nilikuwa ndani. Nunua linaloshika lami." Mjadala ukafungwa.

Tumenunua mawili kwanza, H/T yenye C, na tumeyafunga nyuma. Wengi hufunga mapya mbele, lakini la mbele likiteleza bado una usukani mkononi. Nyuma ikiteleza gari linazunguka na huna la kufanya. Na kwa pikapu, mzigo uko nyuma. Mengine mawili msimu wa mazao ukifika. Kabla ya kulipa tulisoma namba nne, tukakataa ya kwanza waliyotuletea, yalikuwa yamekaa stoo miaka minne. Wakatoa mengine bila ugomvi. Yapo, ila lazima uulize.

Sasa kununua ni nusu tu. Nusu nyingine ni upepo, na hapa naomba nilalamike. Mafundi wengi njiani wanapima upepo kwa teke. Teke! Tairi la pikapu likipungua upepo linaisha pembeni na kupata moto, likizidi linaisha katikati. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, namba moja gari likiwa tupu na nyingine likiwa na mzigo. Kipimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo, siyo kwa kiatu. Na ukipima limetoka safari, usitoe upepo kwa kuona umezidi, ule ni moto tu, ukipoa unarudi. Kila kilomita elfu kumi hivi yabadilishwe, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, yaishe sawa. Ukiona yanaisha upande mmoja, kalipige alaimenti, usilaumu tairi. Na chini kabisa kwenye mistari kuna vinundu vidogo, ni milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo tairi limeisha, hata kama halijawa kipara kabisa.

Mzee alikuwa na jambo moja zaidi. Alisema zamani hawakuhangaika hivi, walinunua General ya Arusha wakalala. Nikaenda kusoma. Kile kiwanda cha General Tyre kilianzishwa 1969, ubia wa serikali na kampuni ya Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulisimama. Ndo maana mzee anachagua kwa macho. Alizoea tairi linalotoka jirani, jina moja, kila mtu analijua. Leo dukani yapo majina ishirini kutoka China, Thailand, Japani, Indonesia, na hakuna jirani wa kukuambia lipi ni lipi. Kilichobaki ni maandishi pembeni. Na nani ndani ya familia zetu anajua kusoma vijimaandishi vidogo na kuvipigia hesabu? Si ndo sisi tuliouziwa ng'ombe ili tuje huku?

Hilo ndo linaloniuma wadau. Miaka miwili nimekuwa naenda likizo, napanda pikapu ile, nategemea mkono juu ya tairi la nyuma nikipiga stori na vijana wa Somanda kuhusu mpira na siasa. Sikuwahi kuinama kulisoma. Nilikuwa najua kukokotoa gharama za kiwanda cha kufikirika cha kwenye desa, na sikuwahi kukokotoa gari linalonilipia desa lenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukienda nyumbani likizo hii, inama. Iwe pikapu ya baba, Noah ya mjomba au Hiace unayopanda stendi, tafuta zile namba nne. Ukikuta mwaka uliokuwa darasa la pili, usikae kimya eti wewe mtoto. Sema kwa adabu, lakini sema. Halafu kaa na wazee chini mpige hesabu ya kilomita pamoja, na uwasikilize na wao, maana hesabu ya mfukoni wanaijua kuliko wewe.

Ada ya muhula huu sijamaliza, imeingia kwenye yale matairi mawili. Nimeomba kulipa kidogo kidogo na tunaendelea kuomba Mungu. Lakini jana jioni mzee alipita hapa akitokea sokoni, gari linateleza kimyaaa bila ule mlio wa nyuki. Nikamwamkia, akaitikia, akanikabidhi mfuko wa michembe. Halafu kabla hajaondoka akatoa kipimo cha upepo kipya kwenye mfuko wa shati, akanionyesha kama mtoto aliyepewa zawadi.

Michembe ipo, mje mapema. Naomba kuwasilisha.